Mehdi Hassan Arudi Luna

Wanangu, leo nawapeleka Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India, katika eneo liitwalo Shekhawati. Ni nchi ya mchanga. Mvua yake ni ya miezi michache, na jua la mwezi wa Mei huwaka mpaka mbuzi wanagombea kivuli. Wakulima wa huko hupanda mawele, kwa sababu mawele huvumilia ukame, na chakula chao cha kila siku ni mkate mnene wa unga wa mawele, ukipakwa samli kwa mwenye nayo. Zamani mizigo yote ilibebwa na ngamia. Upo mji uitwao Mandawa, ambako wafanyabiashara matajiri walijenga majumba wakachora picha kwenye kuta zake, ndani na nje. Ukitoka huko ukaingia mashambani, utafika kijiji kidogo kiitwacho Luna.

Katika kijiji hicho, tarehe 18 Julai 1927, alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Mehdi Hassan. Alipokuwa mtu mzima, watu wa India na Pakistan walimpa cheo ambacho hakitolewi na serikali yoyote: Mfalme wa Wafalme wa Ghazali. Nitawasimulia alivyoondoka Luna na alivyorudi, na yaliyompata katikati, maana bila hayo ya katikati hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye heshima zake alishuka garini akagaagaa mchangani mbele za watu.

Ukoo wake ulikuwa ukoo wa waimbaji. Kazi ya kuimba walirithishana baba kwa mwana, na Mehdi Hassan mwenyewe alikuwa akisema kwamba yeye ni wa kizazi cha 16. Baba yake, Azeem Khan, na ami yake, Ismail Khan, walikuwa mabingwa wa dhrupad, uimbaji wa kale wa India, mzito na wa polepole, ambao sauti hukaa juu ya noti moja mpaka msikilizaji aijue vizuri ndipo ihamie nyingine. Hao wawili ndio waliomfundisha.

Mafunzo hayo hayakuwa mchezo. Mtoto wa nyumba kama ile hafundishwi wimbo kwanza. Hufundishwa raga. Raga ni mpangilio wa noti wenye sheria zake: noti zipi zitumike wakati wa kupanda, zipi wakati wa kushuka, ipi ishikwe kwa muda mrefu, ipi iguswe tu na kuachwa. Nyingi zina saa zake. Ipo ya alfajiri, ipo ya mchana, na ipo ya jioni iitwayo Yaman, inayoimbwa taa zinapoanza kuwashwa. Mwanafunzi huirudia raga moja kila siku, kwa miezi, mpaka aweze kutembea ndani yake bila kukosea njia. Mazoezi hayo ya kila siku huitwa riyaz, na mwimbaji huendelea nayo hata akizeeka. Mehdi Hassan alipenda pia mieleka na mazoezi ya viungo, jambo ambalo lilimpa kifua na pumzi. Hili la pumzi likumbukeni, tutalihitaji mbele.

Waimbaji wa namna hiyo waliishi kwa hisani ya watawala. Wakati ule India ilikuwa chini ya Waingereza, lakini ndani yake kulikuwa na mamia ya tawala ndogo za maharaja, na maharaja wengi waliweka waimbaji katika majumba yao, wakawalisha na kuwavisha. Mtoto wa Luna angeweza kuishi maisha yake yote hivyo, akiimbia wakubwa wachache nyuma ya kuta nene, na mimi nisingekuwa na habari zake za kuwasimulia.

Kisha ukaja mwaka 1947.

Waingereza waliondoka, na waliyoitawala kama nchi moja ikagawanywa kuwa mbili: India, na Pakistan iliyokusudiwa kuwa makao ya Waislamu. Kazi ya kuchora mpaka alipewa mwanasheria kutoka London, Cyril Radcliffe, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kukanyaga India. Alikuwa na muda wa wiki tano hivi. Mpaka wenyewe ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kupata uhuru, kwa hiyo kulikuwa na watu waliosherehekea uhuru bila kujua wako nchi gani. Waislamu walikimbilia upande mmoja, Wahindu na Masingasinga upande mwingine, kwa treni, kwa mikokoteni ya ng'ombe, kwa miguu. Wanahistoria hukadiria kuwa waliohama walikuwa kati ya milioni 10 na milioni 15. Waliouawa njiani na majumbani, makadirio ya chini ni laki kadhaa, na ya juu yanapita milioni moja. Majirani waliokula pamoja jana walichinjana leo. Nawaambia jambo hili waziwazi kwa sababu mtu akiwasimulia habari za ghazali za karne iliyopita akaliruka, atakuwa amewaficha mahali yalikotoka machozi.

Mehdi Hassan alikuwa na miaka 20. Yeye na jamaa zake, Waislamu, waliondoka Rajasthan wakaenda Pakistan, wakafikia mji mdogo wa Punjab uitwao Chichawatni. Kutoka Luna hadi hapo, kwa mstari ulionyooka, ni chini ya kilomita 400, pungufu ya Mombasa hadi Nairobi. Lakini sasa katikati yake kulikuwa na mpaka wenye askari.

Kule Chichawatni hakukuwa na maharaja. Tawala zile ndogo zilikuwa zinamezwa na nchi mpya, na mkimbizi mwenye elimu ya dhrupad hakuwa na wa kumuimbia. Basi kijana wa kizazi cha 16 cha waimbaji akaajiriwa kwenye duka la baiskeli. Akawa fundi: kuziba pancha, kunyoosha ringi, kukaza spoki, kuondoa kutu kwenye cheni. Baadaye akajifunza ufundi wa magari, kisha wa matrekta ya dizeli. Alikuwa fundi hodari, na hakuionea haya kazi hiyo hata alipokuja kuwa maarufu. Aliisimulia mwenyewe kwa waandishi.

Jioni akinawa grisi mikononi, alikaa akafanya riyaz. Hapa ndipo napenda msikilizaji wangu asimame kidogo. Hakuna aliyemlipa. Hakuna aliyemwahidi kwamba siku moja angeimba jukwaani. Alikuwa na uchovu wa kutwa nzima ya spana, na bado aliipitia Yaman ya jioni, noti kwa noti, alivyofundishwa na baba yake kijijini. Miaka ikapita hivyo, si mmoja wala miwili. Mimi naamini sauti tunayoisikia kwenye santuri zake ilipikwa katika miaka hiyo ya gereji kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mtu anayeimba bila kutazamia sifa huacha kuimba kwa kujionyesha.

Mlango ulifunguliwa na redio. Mwaka 1957 alipata nafasi ya kuimba Radio Pakistan, kwanza kama mwimbaji wa thumri, nyimbo nyepesi kidogo za mapenzi zilizotoka kwenye muziki ule ule wa kale. Polepole akajaribu ghazali. Wakati huo ghazali ilikuwa na wakubwa wake: Begum Akhtar upande wa India, Barkat Ali Khan na Mukhtar Begum upande wa Pakistan. Kijana kuingia humo hakukuwa kwepesi. Lakini mwaka 1964 ilitoka filamu iitwayo Farangi, na ndani yake Mehdi Hassan aliimba ghazali ya mshairi mkubwa Faiz Ahmed Faiz. Kuanzia hapo hakukuwa tena na haja ya kumtambulisha.

Sasa wengine wenu mnataka kuniuliza ghazali ni kitu gani. Ninyi mliosoma mashairi shuleni mtaielewa haraka kuliko watu wengine, kwa sababu vina na mizani mnavijua.

Ghazali ni shairi la beti fupi, kila ubeti una mistari miwili tu. Yako maneno yanayorudi mwishoni, hayabadiliki. Kabla yake kuna kina, ambacho neno lake hubadilika ila sauti yake haibadiliki. Katika ubeti wa kwanza, mistari yote miwili huishia hivyo. Kuanzia ubeti wa pili, mstari wa kwanza uko huru, na wa pili ndio unaorudi kwenye kina na yale maneno ya mwisho. Na katika ubeti wa kumalizia, mshairi hujitaja jina lake la utunzi, jambo ambalo hata watunzi wetu wa mashairi hulifanya kwenye kaditama. Ili mwone kwa macho, nimewatungia beti tatu hapa:

Nimefika nchi mbali, nirudisheni nyumbani,
Ingawa jua ni kali, nirudisheni nyumbani.

Mpaka wameuchora kwa wino na karatasi,
Roho haijakubali, nirudisheni nyumbani.

Msafiri, waulizwa, unataka nini leo?
Jibu lile la awali: nirudisheni nyumbani.

Mmeona? Kina ni "ali", yanayorudi ni "nirudisheni nyumbani", na jina la utunzi ni "Msafiri". Katika ghazali halisi za Kiurdu, kila ubeti hujitegemea kwa maana: wa kwanza unaweza kuzungumzia mpenzi, wa pili Mungu, wa tatu ulevi, wa nne kifo, na kinachoufunga pamoja na wenzake ni ile sauti ya mwisho. Mimi nimewawekea habari moja ili msipotee. Na katika karibu ghazali zote kuna mtu asiyekuwapo. Mpenzi hayupo, au yupo lakini hageuki kutazama, na mwenye kuimba amebaki nje ya mlango.

Basi fikirini namna ya kuiimba. Mwimbaji ameketi chini juu ya zulia, mbele yake kinanda cha harmoniamu, mkono mmoja ukivuta pumzi za kinanda, mwingine ukitembea juu ya vipande. Pembeni yuko mpiga ngoma za tabla. Mwimbaji anaimba mstari wa kwanza wa ubeti, ule ulio huru. Kisha anaurudia. Safari hii anaibana noti moja hapo katikati, na neno lililokuwa la kawaida linageuka kuwa ombi. Anaurudia tena, anaushusha chini, sasa ni lawama. Mara ya nne anasita kabla ya neno la mwisho, na ukumbi mzima unasita naye. Tabla inasubiri. Wasikilizaji wanajua kuwa mstari wa pili unakuja na kina chake, wanajua hata maneno ya mwisho yatakuwa yapi, wasichojua ni atafikaje huko. Naye hafiki upesi. Ndipo anapouachia mstari wa pili, kina kinaanguka mahali pake, mpiga tabla anafungulia mwendo, na watu wanapaza sauti za "wah! wah!" na kumwomba arudie.

Mehdi Hassan ndiye aliyefanya jambo hili kwa ukamilifu ambao wengi wanaona haujarudiwa. Aliingiza ndani ya ghazali elimu ya raga aliyoipata kwa baba na ami yake, lakini hakuiacha ifunike maneno. Kila herufi ya Kiurdu ilisikika. Mwanazuoni wa muziki alipata chake, na dereva wa teksi alipata chake. Pumzi ile ya kijana wa mieleka ndiyo iliyomwezesha kushika mstari mrefu bila kuukata. Lata Mangeshkar, mwimbaji wa India ambaye sauti yake ilijaa filamu za nchi hiyo kwa zaidi ya nusu karne, alisema kwamba kooni mwa Mehdi Hassan ni Mungu anayenena.

Watu wa pwani yetu hawatashangaa wakisikia kinanda hicho na tabla hizo. Harmoniamu na tabla zilivuka bahari zamani zikaingia kwenye taarabu, hasa ya Mombasa, na marehemu Juma Bhalo alijulikana sana kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Na Siti binti Saad wa Zanzibar, mwaka 1928, alipanda chombo kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Kwa hiyo mkimsikiliza Mehdi Hassan mkahisi mnamfahamu, msijitilie shaka.

Turudi kwenye mpaka. Mwaka 1965 India na Pakistan zilipigana. Mwaka 1971 zikapigana tena. Kuvuka kukawa shida kubwa: viza zilikuwa ngumu na jamaa waliotengana mwaka 1947 walisubiri miaka ili waonane kwa siku chache. Lakini redio haiombi viza. Usiku, mtu wa Delhi au wa Jaipur aliweza kuzungusha kitufe akamsikia mwimbaji wa Pakistan, na kanda za kaseti zilipita mkono kwa mkono. Kufika katikati ya miaka ya 1970, Mehdi Hassan alikuwa kipenzi cha nchi ambayo hakuruhusiwa kuingia ovyo, ambayo ndiyo iliyomzaa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 uhusiano ulilegea kidogo, akaalikwa kuimba India. Jamani, walivyompokea! Miaka 30 ilikuwa imepita tangu aondoke akiwa mkimbizi asiyejulikana, sasa kumbi zilijaa na watu walitaka hata kumgusa tu. Alipofika Jaipur, mji mkuu wa Rajasthan, alikuwa mgeni wa serikali ya jimbo. Wenyeji wakamuuliza angependa kuona nini. Akasema anataka kwenda Luna.

Msafara wa magari ukaondoka kuelekea Shekhawati. Wanaosimulia safari ile husema kwamba walipokaribia kijiji, Mehdi Hassan aliomba gari lisimamishwe. Kando ya njia kulikuwa na kilima cha mchanga, na juu yake hekalu dogo la Kihindu. Akashuka, akapanda, akajitupa chini, akaanza kugaagaa katika mchanga ule, huku akilia. Nguo nzuri za jukwaani, wasindikizaji wa serikali waliosimama hawajui watazame wapi, na mtu wa miaka 50 yumo mchangani kama mtoto aliyerudi kwa mama yake. Alipotulia aliwaeleza kwamba hapo ndipo alipokuwa akija utotoni, akakaa na kuimba nyimbo za ibada za Kihindu pamoja na wenzake.

Msilipite hili haraka. Alikuwa Mwislamu, tena alihamishwa na mgawanyo uliosema kwamba Mwislamu na Mhindu hawawezi kukaa nyumba moja. Na mahali alipolilia ni pa hekalu. Kwake halikuwa jambo la kutetea kwa hoja. Alikuwa mtoto wa kijiji, kijiji kilikuwa na hekalu, mbele ya hekalu kulikuwa na mchanga mzuri wa kuchezea na watu wa kuimba nao. Alipewa tuzo nyingi maishani, ikiwamo ya jina la mwimbaji Saigal aliyopewa mjini Jalandhar, India, mwaka 1979, na nishani ya mfalme wa Nepal mwaka 1983. Mimi nikitaka kumjua mtu huyu, siziangalii hizo. Naangalia kilima kile.

Kijijini alikuta wazee waliomkumbuka, na waliokuwa watoto wenzake wakiwa na mvi. Akazungumza nao kwa lugha ya kwao, si kwa Kiurdu cha jukwaani. Watu wa Luna husimulia mpaka leo kwamba barabara ya lami iliyofika kwao ilikuja kwa sababu yake. Kwamba mgeni wa serikali alipoulizwa aombe kitu, hakujiombea yeye, aliwaombea njia. Makaburi ya wazee wake yako hapo Luna, na aliporudi tena katika miaka ya 1990 aliyashughulikia yakatengenezwa.

Kuna wimbo mmoja wa zamani wa Rajasthan ambao alipenda kuuimba, Kesariya Balam. Ni wimbo wa kumkaribisha mgeni, mwenyeji akimwita mpendwa aje katika nchi yake. Waimbaji wengi wameuimba. Lakini nikimsikia yeye, mzaliwa wa mchanga ule mwenye pasi ya kusafiria ya nchi nyingine, sijui nimweke upande gani wa mlango: ndiye anayekaribisha au ndiye anayekaribishwa? Katika maisha yake alikuwa wote wawili, na nadhani ndiyo maana anauimba kwa kuusubirisha, neno baada ya neno.

Wala hakuwa peke yake katika kuvuka mpaka. Malika Pukhraj alizaliwa karibu na Akhnoor, Jammu, akaimba angali msichana mdogo katika jumba la Maharaja Hari Singh, na uzee wake ukamkuta Lahore, Pakistan. Farida Khanum alizaliwa Kolkata, akalelewa Amritsar, mji ulio karibu kabisa na mpaka huo mpya, na mwaka 1947 akavuka. Iqbal Bano alikulia Delhi na kujifunzia huko kabla ya kuolewa Pakistan. Noor Jehan, aliyezaliwa Kasur, alikuwa nyota wa filamu za Bombay, akaondoka mwaka 1947, na alipoimba tena Bombay ilikuwa mwaka 1982, baada ya miaka 35. Hesabuni wenyewe: sauti kubwa za ghazali upande mmoja, nyingi zilianza safari upande wa pili. Na hata Jagjit Singh, aliyekuja kuwa mmoja wa waimbaji wa ghazali waliopendwa sana nchini India, naye alikuwa mtoto wa Rajasthan, mzaliwa wa Sri Ganganagar, pembeni mwa mpaka.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 afya ya Mehdi Hassan ilianza kudhoofika. Akapunguza kuimba, baadaye akaugua kiharusi. Aliishi Karachi, na wasanii waliokuwa wakipita mji huo walikwenda kumjulia hali. Lakini lilibaki jambo moja. Yeye na Lata Mangeshkar walipendana kwa sauti kwa miongo mingi, kila mmoja akimsifu mwenzake hadharani, na hawakuwa wamewahi kurekodi wimbo wa pamoja.

Ulipatikana mwishowe. Maneno yaliandikwa na Farhat Shahzad na mahadhi akatunga Mehdi Hassan mwenyewe. Wimbo unaitwa Tera Milna. Yeye alirekodi sehemu yake Pakistan mwaka 2009. Lata akarekodi ya kwake India mwaka 2010. Mafundi wa studio wakazichukua sauti hizo mbili wakaziunganisha, na mwaka huo huo HMV, jina lile lile lililomwita Siti binti Saad Bombay, ikautoa katika albamu iitwayo Sarhadein, yaani Mipaka. Mehdi Hassan alifariki Karachi tarehe 13 Juni 2012, akiwa na miaka 84.

Nikiusikiliza wimbo huo hupata furaha, kisha hasira kidogo. Karachi alikoishi yeye na Mumbai alikoishi Lata ni miji ya pwani ya bahari moja, hii hii inayopiga Forodhani ya Zanzibar na Mombasa. Ndege ikiruka moja kwa moja kati ya miji hiyo haihitaji hata saa mbili.